Mgeni wa gemu naye apewe jembe

Najua nimepotea. Kazi ya habari ikikubana, hata nyumbani kwako unaingia kama mgeni. Nisameheni.

Leo siandiki siasa wala bei ya mafuta. Leo naandika gemu. Anayeona gemu ni mambo ya kitoto apumzike tu, tutakutana safari ijayo. Lakini nakuonya kabla hujaondoka: ndani ya habari hii kuna pesa, kuna ahadi iliyokufa, na kuna dada mmoja wa Kenya aliyefungiwa ndani ya diski kwa miezi kadhaa. Kama hiyo si habari, basi sijui chuoni nilisomea nini.

Nianzie mbali kidogo.

Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha gemu. Bati, benchi mbili, luninga tatu za chogo, na feni inayozunguka ikijisikia. Mechi shilingi mia. Anayefungwa anatoka, mshindi anabaki. Kwenye luninga moja ilikuwa mpira, na kwenye ile ya pembeni ilikuwa Tekken 3. Pale ndipo nilipojua maana ya heshima. Kulikuwa na kaka mmoja akishika pedi na kumchagua Jin, benchi zima linanyamaza. Na kulikuwa na sisi wengine tuliomchagua Eddy Gordo, tukabonyeza vitufe hovyo kama tunakuna upele, na tukashinda! Wenye gemu yao walituchukia sana, na walikuwa na haki.

Luninga ya tatu mara mojamoja iliwekwa Street Fighter. Basi hapo ubishi ulianza. Ryu na Jin wakikutana, nani anakaa chini? Ken na Law? Ubishi ulikuwa kama wa Simba na Yanga, tofauti ni kwamba Simba na Yanga wanakutana uwanjani na mtu anafungwa, yanaisha. Huu wetu haukuwa na uwanja. Ryu ni wa kampuni ya Capcom, Jin ni wa Namco. Nyumba mbili tofauti, na kila nyumba na mlango wake. Tulibishana hadi mwenye kibanda akazima umeme.

Sasa nadhani unaelewa kwa nini habari ya mwaka 2010 ilitutikisa baadhi yetu. Julai mwaka huo, kwenye tamasha la Comic-Con kule San Diego, Marekani, wakuu wawili walipanda jukwaani. Yoshinori Ono wa Street Fighter na Katsuhiro Harada wa Tekken. Wakatangaza kwamba milango inafunguliwa. Capcom watatengeneza gemu moja kwa mtindo wao, Street Fighter X Tekken. Namco nao watatengeneza ya kwao kwa mtindo wao, Tekken X Street Fighter. Kila nyumba inamwalika mwenzake. Unaona uzuri wake? Hakuna anayehamia moja kwa moja. Leo unakula kwangu, kesho nakula kwako.

Kwa asiyecheza naomba nieleze kwa nini jambo hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Katika Street Fighter una vitufe sita, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, kila kimoja na uzito wake. Mnapigana kama kwenye karatasi: mbele, nyuma, juu, chini. Ukiniona mbali, unanirushia mpira wa moto na mimi lazima niukinge au niuruke. Katika Tekken una vitufe vinne, kimoja kwa kila mkono na kila mguu. Na uwanja una upana, unaweza kumkwepa mtu kwa kupiga hatua pembeni kama bondia. Sasa mweke Ryu humo. Anarusha mpira wa moto, Jin anapiga hatua moja pembeni, mpira unapita zake. Ryu amekwisha! Au mlete Jin kwenye karatasi ya Street Fighter, mnyime hatua yake ya pembeni. Atafanyaje akirushiwa mipira kumi?

Kwa hiyo mchezaji alipotangaziwa mwaliko huu alikuwa na mioyo miwili. Mmoja unaruka kwa furaha. Wa pili unauliza: atakuja Jin mwenyewe, au itakuja sura yake tu imevaa nguo za Jin?

Street Fighter X Tekken ikatoka Machi 2012, kwenye PlayStation 3 na Xbox 360. Na kusema kweli mengi yalikuwa mazuri. Mlipigana wawili wawili, mkipokezana, na mmoja wenu akiangushwa raundi imekwisha, jambo ambalo wazee wa Tekken Tag walilifahamu tangu zamani. Watu wa Tekken waliletwa na mapigo yao mengi. Lakini kabla watu hawajamaliza kusherehekea, wataalamu wa kupekua mafaili wakachungulia ndani ya diski, na walichokikuta kikaharibu sherehe.

Ndani ya diski ileile, ambayo mtu alikwishailipia dukani, kulikuwa na wapiganaji 12 waliokamilika na kufungiwa. Ukiwataka, ulipe tena. Miezi minne baadaye, Julai 2012, wakaanza kuuzwa kwa dola 20 wote kwa pamoja. Capcom walijitetea kwamba wamewaweka humo ili kupunguza mzigo wa kupakua, na ili aliyenunua na asiyenunua waweze kupigana bila matatizo. Sababu ya pili ina mantiki, siikatai. Lakini mwambie hivyo mtu aliyenunua nyumba, akahamia, halafu akagundua vyumba viwili vina kufuli na ufunguo uko kwa fundi!

Na hapa ndipo anapoingia dada yetu. Kati ya wale 12 alikuwamo Elena. Huyu alianza mwaka 1997 kwenye Street Fighter III, na Capcom walimwandika kuwa ni Mkenya. Mrefu, miguu mitupu, nywele nyeupe, anapiga kwa miguu peke yake. Mchezo waliompa ni capoeira, ambayo ni ya Brazil, na hapo jirani zetu wa Nairobi wana haki ya kucheka. Ingawa wenye capoeira yao wanakumbusha kwamba mizizi ilivuka bahari pamoja na Waafrika waliouzwa utumwani, kwa hiyo ukipenda unaweza kusema mchezo ulirudi nyumbani kwa njia ndefu. Mwingine aliyefungiwa ni Christie, anayepigana kwa mtindo wa Eddy. Eddy mwenyewe hakualikwa kabisa. Maana yake ni kwamba sisi watoto wa kibanda, tuliojifunza gemu kwa kupindukapinduka na Eddy, kilichokuwa chetu katika karamu ile kilikuwa stoo na mlango umetiwa kufuli.

Matokeo yake? Capcom walitarajia kuuza nakala milioni 2 hadi mwaka wao wa hesabu unafungwa mwishoni mwa Machi 2012. Waliuza kama milioni 1.4. Baadaye mwaka huohuo wakasema watautazama upya utaratibu huo wa kufungia vitu ndani ya diski. Sitaki kudai kwamba kufuli peke yake ndiyo iliyoua mauzo. Gemu yenyewe ilikuwa na matatizo yake, mojawapo mechi nyingi kuisha kwa saa badala ya mtu kuanguka. Lakini imani ilishapasuka, na imani ya mchezaji ni kama luninga ya chogo: ikishapasuka haina fundi.

Vipi ule mwaliko wa pili, ule wa Namco? Tulisubiri. Mwaka ukapita, ikapita mitano. Baadaye Harada alieleza kwamba kazi ilifika kama asilimia 30, ikasimama. Ono aliondoka Capcom mwaka 2020. Harada naye alitangaza Desemba 2025 kwamba anaondoka Bandai Namco mwisho wa mwaka huo, baada ya miaka zaidi ya thelathini. Wale wawili waliopeana mikono jukwaani hawapo tena kwenye nyumba zile. Ahadi imebaki kama picha ya harusi ya watu walioachana.

Ndiyo maana leo likitangazwa jambo la gemu mbili kualikana, ukiwaona wachezaji wanakunja nyuso, usiseme ni watu wa kulalamika tu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wana kumbukumbu.

Lakini nisiwe mtu wa kulia tu. Wahenga wetu walikwisha kuimaliza habari hii. Walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Na wakaongeza, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi naona methali hizi mbili zinatosha kupima gemu yoyote ya aina hii. Je, ujio wa mgeni umemponya mwenyeji? Na je, mgeni amepewa jembe, yaani ana kazi ndani ya nyumba, au amekaa tu sebuleni kupigwa picha?

Mifano ya wageni wenye jembe ipo. Mwaka 2001 Capcom walitoa Capcom vs. SNK 2, ambapo watu wa Street Fighter walikutana na watu wa kampuni hasimu, SNK, wale wa Fatal Fury na The King of Fighters. Ugomvi wa sheria za nani zitumike waliumaliza kwa busara. Waliweka mifumo sita ya kupigana, mchezaji anachagua mwenyewe. Mitatu ilifuata mila za Capcom, mitatu ilifuata mila za SNK. Unataka kukimbia na kujiviringisha kama kwa SNK? Chagua. Unataka kupangua pigo kwa wakati wake kama kwenye Street Fighter III? Chagua. Mgeni hakulazimishwa kuvua viatu vyake, na mwenyeji hakuhamishwa kitandani. Zaidi ya miaka ishirini imepita na bado kuna watu wanaishindania gemu ile.

Mfano wa pili ni Akuma kwenye Tekken 7. Gemu hiyo iliingia majumbani Juni 2017. Akuma ni wa Street Fighter, mtu wa mipira ya moto na hasira. Namco wangeweza kumtupia tu humo na kuandika jina lake kwenye boksi. Hawakufanya hivyo. Walimpa sehemu ndani ya kisa chenyewe: Kazumi, mke wa Heihachi, ndiye aliyemwomba amuue mume wake na mwanawe Kazuya iwapo yeye atashindwa. Kwa hiyo Akuma ana deni la kulipa, ana sababu ya kubisha hodi. Alikuja na mpira wake wa moto na mstari wake wa nguvu chini ya kioo, kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho. Tena alikuwamo ndani ya bei ya kwanza. Walikuwapo waliolalamika kwamba ana nguvu kupita kiasi, na walikuwa na hoja. Lakini hilo ni lalamiko la mtu anayecheza. Hakuna aliyeuliza, "huyu amefuata nini hapa?"

Hata Kazuya alipoalikwa kwa Nintendo, kwenye Super Smash Bros. Ultimate mwaka 2021, alikwenda na orodha yake ndefu ya mapigo ya Tekken. Anayemjua Kazuya alimtambua vidoleni kabla hajamtambua kwa macho. Hiyo ndiyo maana ya kualika.

Sasa geuza upande wa pili. Aprili 2025 SNK walirudi na Fatal Fury: City of the Wolves, baada ya mfululizo huo kulala tangu mwaka 1999. Watu walisubiri miaka 26. Na wakati wanasubiri kwa hamu kuona nani amerudi, wakatangaziwa mpiganaji mpya: Cristiano Ronaldo. Ndiyo, huyuhuyu wa Al Nassr! SNK inamilikiwa na taasisi ya Saudi Arabia, na Ronaldo anacheza Saudi Arabia, kwa hiyo huhitaji kuwa mpelelezi kujua mwaliko umepita mlango gani. Sina ugomvi na Ronaldo, wala hakuuzwa kando, alikuwamo kwenye gemu. Ila nauliza swali la jembe. Terry Bogard ana nini cha kusema na Ronaldo? Mashabiki walikuwa na orodha ndefu ya watu wao wa zamani ambao hawakurudi, na kiti kimoja kikachukuliwa na mtu ambaye hata yeye pengine hajui Fatal Fury ni nini. Mgeni kaja, mwenyeji kabaki na kikohozi chake.

Linganisha na upande mwingine wa nyumba hizohizo. Terry alikwenda kwenye Street Fighter 6 Septemba 2024, Mai Shiranui akamfuata Februari 2025, na Ken na Chun-Li nao wakavuka kwenda City of the Wolves. Hapo watu walishangilia, kwa sababu nyumba hizi zina ugomvi na mapenzi ya miaka zaidi ya thelathini. Walikuwa wanarudisha matembezi.

Najua kuna msomaji ananiambia: wewe mwandishi, hii ni biashara, waache wauze. Sawa. Na mimi nina jibu la haki kwao. Kutengeneza mpiganaji mmoja ni kazi nzito. Kama gemu ina watu 30, ukimleta wa 31 umeongeza mapambano mapya 30, na yote inabidi yapimwe, asije mmoja akawachinja wote. Wachoraji wanalipwa, wanamuziki wanalipwa, na mwenye jina lake analipwa. Siombi vya bure. Nikiandika makala nami nataka nilipwe.

Ninachoomba ni mambo matatu tu. Kwanza, kilichokwisha kutengenezwa na kuwekwa kwenye mzigo nilioununua kisifungiwe. Pili, mgeni aje na mila zake, nikimshika niujue mkono wake. Tatu, bei ya karamu nzima itajwe mlangoni, nisije nikalipia wali halafu nikaambiwa mchuzi unauzwa peke yake.

Na hilo la tatu ndilo linalonirudisha kwenye kibanda.

Hivi karibuni nilipita kwenye kibanda kimoja, si kile cha zamani, kile kilishakuwa duka la vocha na baadaye stoo ya saruji. Hiki kipya kina PS4 nne. Tatu ni mpira, bila shaka. Ya nne ina Tekken 7. Kijana wa kama miaka kumi na miwili alikuwa amekaa pale, na simu ya mtu mkononi anaangalia video ya Geese Howard akipigana kwenye Tekken hiyohiyo. Akamgeukia mwenye kibanda.

"Anko, mbona huyu huku kwetu hayupo?"

"Huyo analipiwa, mwanangu."

"Si umeshanunua gemu?"

"Gemu nimenunua. Huyo ni mgeni."

Kijana alinyamaza akifikiri, halafu akasema, "Sasa mgeni gani analipisha wenyeji?"

Sikuwa na la kumjibu, mimi niliyesoma. Geese, Noctis na Negan wote waliingia Tekken 7 kwa kulipiwa kando. Kwa mtu mwenye mashine yake nyumbani na kadi ya benki, ni dola chache. Kwa mwenye kibanda, dola chache ni mechi nyingi sana za watoto, na atawalipia wageni watatu ili wachezwe na nani, wakati foleni yote iko kwenye mpira? Hesabu zake ziko sahihi. Kwa hiyo Geese hatokuja. Ule ubishi wetu wa zamani, wa nani mkali kati ya huyu na yule, umepatiwa jibu duniani huko, na watoto wa benchi wanalitazama jibu kwenye simu.

Hicho ndicho ninachokihofia kuliko kufuli na kuliko Ronaldo. Gemu hizi tulizipenda kwa sababu zilitukutanisha. Mshindi anabaki, anayefungwa anatoka, wote mmeona, wote mmelipa mia ileile. Karamu ya kuwakutanisha wapiganaji wa dunia nzima ikiwa inawatenganisha wachezaji, mwenye nacho na asiye nacho, basi jina la karamu libadilishwe.

Mnaniuliza, je, ikitangazwa kesho kwamba Tekken X Street Fighter imefufuka, utafanyaje? Nitapiga kelele hadi majirani waje, nawaambia ukweli. Nimebishana kuhusu Ryu na Jin tangu nikiwa na kaptula, siwezi kujifanya mtu mzima leo. Nitashangilia. Halafu nitakaa, nitasoma nyuma ya boksi, na nitauliza maswali yangu matatu kabla sijatoa hata senti. Matumaini na mashaka kwa mchezaji vinakaa benchi moja, kama sisi tulivyokaa.

Elena naye msimwonee huruma sana. Juni 2025 aliingia Street Fighter 6, anapigwa na jua tena, miguu mitupu vilevile. Anauzwa kando, ndiyo, lakini safari hii alitengenezwa baadaye na watu waliambiwa mapema kwamba anakuja. Hilo nalo ni hatua. Mtu akimnunua pale kibandani, naomba aniite. Nina deni la Eddy la kulipa kwa miguu ya Mkenya.

Alamsiki.